Suti ya Kijivu Mlangoni mwa Kanisa

Mama Mvuke alikuwa na ugonjwa wa kutoa. Wengine wakimwona mtu anatembea peku husema maskini wa Mungu, wakapita zao. Yeye alikuwa akirudi nyumbani kukagua viatu vya mumewe. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisukumia jozi yake nzuri chini kabisa ya kitanda, upande wa ukutani, ambako mkono wa mkewe haukufika. Haikumsaidia. Alipofariki, nguo zake zote ziligawanywa kabla ndugu wa mbali hawajaondoka, na mjane mwenyewe akabaki na picha moja ya ukutani, tena akasema inatosha.

Jina la Mama Mvuke alilipata kazini. Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, kwenye chumba cha nyuma chenye meza ndefu iliyovikwa blanketi, pasi nzito yenye mpira wa mvuke, na joto la kukausha koo. Kazi hiyo aliianza nywele zake zikiwa nyeusi zote. Ukimpa shati lililovaliwa siku moja tu, alikuwa anaweza kukuambia mwenyewe ni mtu wa kukaa kwenye kiti au wa kuegemea ukuta, na mara nyingi alipatia. Mara asizopatia alisema shati limeazimwa.

Dukani kulikuwa na desturi moja aliyoipenda kuliko mshahara. Nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua zilitundikwa kwenye bomba la nyuma, na mwaka ukielekea kuisha mwenye duka, ambaye wote walimwita Bosi, humwambia, "Mama, punguza huko nyuma, pamejaa." Hapo ndipo uso wake ulipong'aa. Alizipitia moja moja, akazinyoosha, kisha akawa na kazi ya kuwatazama waumini wenzake kanisani kwa jicho la fundi: huyu kifua kipana, yule mikono mirefu. Hakugawa ovyo. Alitaka nguo impate mtu wake, mtu asijue imetoka wapi wala asijione amehurumiwa. Aliamini kwa dhati kwamba Kristo mwenyewe yumo katika kazi hiyo, na mimi siwezi kumbishia.

Sharti lilikuwa moja tu. Mteja akituma habari kwamba amekwama, anaumwa au yuko safarini, lakini nguo yake bado anaitaka, nguo hiyo hufungwa uzi mwekundu kwenye tundu la kifungo cha juu. Yenye uzi mwekundu haiguswi, hata ikae mpaka Bosi aote mvi za nyusi.

Basi Jumatatu moja aliingia dukani mama mmoja mzee, mwembamba, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Mama Mvuke alikuwa nyuma ya pazia ananyoosha shuka, akasikia kila neno.

"Mume wangu aliwaletea suti," mama yule alisema. "Halafu akaugua. Nilipiga simu nikaomba mtutunzie."

"Nakumbuka, mama," Bosi akajibu. "Ya kijivu, yenye mistari myembamba. Tuliifunga uzi siku ileile. Mzee hajambo sasa?"

"Nimemzika mwezi uliopita."

"Pole sana, mama. Pole sana."

"Nimeshapoa. Mwanangu anakuja Jumapili kunichukua nikaishi kwake. Nimefungasha kila kitu. Imebaki hiyo."

"Njoo Jumamosi asubuhi utaikuta imenyooka. Mama Mvuke hapa nyuma ana mkono wa malaika."

Huyo malaika alikuwa amesahau pasi juu ya shuka. Alishtuka harufu ikiwa imeshapanda. Alama ya hudhurungi ilikuwa imebaki kwenye pindo.

Suti ya kijivu yenye mistari myembamba aliijua. Alikuwa akiiona kila Jumapili, imesimama mlangoni mwa kanisa, inasema karibuni.

Alikaa juu ya gunia la nguo chafu akajaribu kukumbuka, na kumbukumbu ikamjia yote kwa mkupuo. Nguo za nyuma huingia nondo, kwa hiyo mara kwa mara huzipitishia mvuke. Uzi mwekundu ukipata mvuke hutoa rangi, ukamwaga wekundu kwenye kitambaa. Ndiyo maana huukata kwanza, akamaliza kazi, kisha akafunga mwingine. Siku ile alikuwa ameukata wa suti hiyo, mara Bosi akaita: kuna bibi harusi analia mbele, gauni lake limekunjamana. Akakimbilia gauni. Aliporudi aliitundika suti bombani kama alivyoikuta, safi, bila uzi. Mwaka ulipoisha, yeye Mama Mvuke aliiona haina alama, akamshukuru Mungu kwa kuleta suti nzuri namna ile.

Na aliyemtafutia alikuwa mpiga rangi.

Huyu alikuwa mtu wa kupaka kuta na mageti, bingwa wa kazi yake, lakini hakuwa na nguo hata moja isiyo na madoa. Shati la kazi lilikuwa na rangi, shati la kutembelea lilikuwa na rangi, hata leso. Siku moja watoto wa darasa la Jumapili walihesabu rangi za mgongoni mwake kwa sauti, watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Tangu siku hiyo hakuingia tena ndani. Alisikiliza ibada akiwa nje, chini ya dirisha, na sauti yake nene ya kuimba ikawa inapita kwenye nondo za dirisha, na watu wanageuka.

Kumpa suti, Mama Mvuke alimpa kwa ujanja. "Kaka," alimwambia, "dukani kuna suti imekataa watu. Mabega yake mapana, kila anayeijaribu inamvaa yeye. Hebu nisaidie kuiondoa." Mpiga rangi akaivaa, ikamkaa kana kwamba alipimwa. Jumapili iliyofuata aliingia ndani. Haukupita muda wakampa kazi ya kukaribisha watu mlangoni, na tangu apewe, hata wachelewaji waliingia wamenyoosha migongo. Mama Mvuke alikuwa akikaa benchi la tatu, anageuka mara mojamoja kumtazama, na moyoni anasema, tazama kazi yangu. Aliiona kama sala, lakini kulikuwa na kiburi kidogo ndani yake, na tusifichane.

Sasa alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kufukuzwa kazi, kwa sababu Bosi alikuwa mtu mwema ila mali ya mteja kwake haina mzaha. Ya pili ilikuwa ya yule mtu: akivuliwa suti, atarudi chini ya dirisha, au hata dirishani hatafika tena. Na hii ya pili ndiyo iliyomtesa zaidi.

Jioni alimweleza wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akiishi naye na kumtania asubuhi hadi jioni. Wifi alikuwa anamenya vitunguu.

"Sema nondo wamekula," wifi akasema.

"Suti nzima, wifi? Na vifungo?"

"Nondo wa siku hizi wana njaa."

"Usinichekeshe. Roho yangu iko juu."

Wifi akaweka kisu chini. "Basi mwendee umwambie ukweli, arudishe. Si mtu mzima?"

"Nimvue nguo mtu niliyemvika mwenyewe?"

"Hukumvika ya kwako, wifi," dada wa mume akasema taratibu. "Kaka yangu ulimmaliza kabati lote, sikusema neno, yalikuwa ya nyumba yako. Hii ni ya nyumba ya mwenzio."

Mama Mvuke alikichukua kile kisu. Alimsaidia vitunguu, akapata kisingizio cha machozi.

Jumatano alipiga moyo konde, akaomba ruhusa ya mapumziko, akaenda hadi kwenye zahanati ambako mpiga rangi alikuwa na kazi. Alimkuta juu ya ngazi anapaka ukuta kijani, anaimba. Njia nzima alikuwa amejisemesha: kaka, kuna jambo, kaka, nimekosea, kaka, usinielewe vibaya.

"Kaka," akaanza.

"Dada! Karibu, usiguse ukuta huo, mbichi!" Akateremka mbiombio, uso umejaa. "Umesikia habari? Mchungaji amenichagua nisome Neno Jumapili. Mimi! Pale mbele!"

"Wewe?"

"Mimi. Nimeshajifunza mpaka ngazi inanijibu. Na kesho nakuletea ile suti uinyooshe vizuri, nataka mikunjo ya suruali iweze kukata mkate. Nikisimama pale nisijisikie..." Akajifuta mkono kwenye suruali, mkono ukatoka na rangi zaidi ya ulivyoingia. "Dada, ulikuwa na jambo?"

"Nilikuwa napita tu," Mama Mvuke akasema.

Alirudi kazini amejichukia. Uongo ule mdogo ulimkaa kifuani kutwa nzima, na kila mlango wa duka ulipofunguliwa alidhani ni mama mzee amekuja kabla ya siku.

Alhamisi suti ikaja. Mpiga rangi aliileta ndani ya mfuko safi, mabega ameyajaza magazeti yasilegee. Haikuwa na doa hata moja. Alikuwa akiivaa na kuivua nje ya chumba chake, jirani walimcheka, kwa sababu ndani kulikuwa na makopo. Aliiacha mezani akasema atapita Jumamosi baada ya kazi ya asubuhi. Kisha akaondoka anapiga mluzi.

Bosi akapita, akaiona. "Aa, ndiyo yenyewe ile ya yule mama. Vizuri. Itundike mbele."

Mama Mvuke akaitundika mbele.

Oneni majaribu yalivyo. Suti imekuja yenyewe, kwa miguu ya mwenye kuivaa. Bosi ameridhika. Mama mzee akija, atapewa suti yake, hatauliza kitu. Mpiga rangi akija, ataambiwa, samahani kaka, pasi imeiunguza, tazama hata shuka la Jumatatu liliungua. Nani angekataa? Kazi yake ingebaki, jina lake lingebaki, na huyo mpiga rangi hata angemwonea huruma. Aliupanga uongo huo Alhamisi, Ijumaa akaupamba, mpaka ukawa na mwanzo na mwisho na mahali pa kuvuta pumzi. Chakula kilimkataa. Wifi alimtazama tu, safari hii bila utani.

Jumamosi asubuhi alianza kuinyoosha suti ile. Alipofika kwenye kola alisimama. Kola ilikuwa imekunjwa kidogo upande mmoja, mkunjo wa zamani ambao mvuke wake haujawahi kuuondoa, alama ya kidole cha mtu aliyezoea kuirekebisha kwenye shingo ya mwenziwe miaka nenda rudi. Aliujua mkunjo wa namna hiyo. Na yeye aliwahi kumrekebishia mtu kola kila asubuhi, na mashati hayo sasa hakuyajua yako kwa nani. Akaweka pasi kando na kulia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, tena bila kitunguu.

Mpiga rangi alifika mapema kuliko alivyoahidi. Bosi alikuwa mbele anapanga vikaratasi vya namba. Mama Mvuke hakungoja ujasiri uje, alijua hautakuja. Akatoka na suti mkononi.

"Kaka, suti hii haikuwa yangu kukupa," akasema. "Mwenyewe aliomba atunziwe. Mimi ndiye niliyekata alama nikasahau kuirudisha. Mwenyewe amefariki. Mkewe anakuja kuichukua leo."

Bosi akainua kichwa. Mpiga rangi akatazama suti, kisha akamtazama yeye.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Jumatano ulikuja kwenye ngazi."

"Nilikuja."

"Ukaniacha niongee vile." Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha. "Yaani mimi nimesimama mlangoni mwa Mungu na nguo ya mtu."

Bosi alikuwa ameanza kusema neno, na halikuwa neno zuri, lakini mlango ulifunguliwa na mama mzee akaingia, mkono tayari umeshika kikaratasi chake. Aliiona suti kabla hajaona watu.

Mpiga rangi akaichukua kutoka mikononi mwa Mama Mvuke, akaizungusha iangalie mbele, akampa mama mzee kwa mikono miwili.

"Mama, hii hapa ya mzee," akasema. "Nilipewa kimakosa. Nimeivaa. Kanisani tu, sijaivaa mahali pengine."

Mama mzee aliipokea. Aliweka pua kwenye bega la koti, akakaa hivyo, kisha akainua uso. "Tangu lini?"

"Mwisho wa mwaka jana," Mama Mvuke akajibu. "Kosa ni langu, mama. Si lake."

"Mwisho wa mwaka jana alikuwa hai." Mama mzee alisema kama mtu anayejiuliza. "Alikuwa ananiambia, nikipona tutaifuata suti yetu. Kila akipata nafuu aliitaja. Na wewe ulikuwa umeshaigawa kama urithi."

Mama Mvuke alitamani sakafu ipasuke. Miaka yote alidhani kutoa ni jambo ambalo haliwezi kumwumiza mtu. Sasa aliyeumia alikuwa mbele yake, na hapakuwa na la kusema isipokuwa nisamehe, akalisema.

Mama mzee alimgeukia mpiga rangi. "Ulikuwa unafanya nini ukiivaa?"

"Nasimama mlangoni, mama. Nakaribisha watu."

Mama mzee akaitazama suti. "Yeye alikuwa mtu wa kujificha nyuma," akasema, na mdomo wake ukataka kucheka usiweze. Akaikunja suti juu ya mkono wake, akatoka nayo. Hakumwachia mtu. Ilikuwa yake, na aliihitaji.

Mpiga rangi akatoka baada yake bila kuaga.

Bosi alimwambia Mama Mvuke wataongea Jumatatu. Hilo peke yake lingemkosesha raha wiki iliyopita, lakini sasa halikupata nafasi. Alifunga kazi akaenda nyumbani, akakaa kwenye kiti na viatu miguuni mpaka wifi akamvua.

Jumapili alikataa kwenda kanisani. Alisema kichwa kinauma, kisha tumbo, kisha akasema ukweli: hawezi kuutazama mlango ule ukiwa mtupu. Wifi, ambaye kwa kawaida ndiye aliyekuwa akibembelezwa kwenda, alimtupia kitenge mapajani. "Ukikaa hapa utautazama kutwa. Twende."

Walichelewa. Nyimbo zilikuwa zimeanza. Mama Mvuke alitembea macho chini, anasikiliza kama sauti ile nene imo, asiisikie, na kila hatua ikawa nzito kuliko iliyotangulia. Penye geti akasimama. Wifi akaingia, yeye akabaki ameshika chuma cha geti, akajiambia atageuka watu wasimwone.

"Dada."

Aliinua macho. Mpiga rangi alikuwa mlangoni. Alikuwa amevaa shati la kazi, limefuliwa mpaka limepauka, na madoa yake yote yapo: kijani cha zahanati begani, bluu, nyeupe, manjano ya geti la mtu. Alikuwa amelipiga pasi mwenyewe. Mkono mmoja ulikuwa na mikunjo mitatu. Chini ya kwapa alikuwa ameshika Biblia, na midomo yake ilikuwa imekauka kwa woga. Mchungaji hakuwa amefika kwenye somo bado. Ndiyo maana hakuwa anaimba, alikuwa akitunza sauti.

"Ingia," akasema.

"Siwezi, kaka. Nina aibu."

"Na mimi nina aibu. Nimekasirika vilevile, bado hayajaniisha, nisikudanganye." Akajitazama shati, akamtazama yeye. "Lakini ukirudi nyumbani, watu watasema umelikimbia shati langu. Kisha nitasomaje?"

Akateremka ngazi za mlango, akaja mpaka getini, akamnyooshea mkono. Kucha zilikuwa na kijani ambacho hakuna sabuni inayokiweza. Mama Mvuke, ambaye maisha yake yote alikuwa akijua kutoa tu, alisita, kwa sababu kupokea hakukuzoea. Kisha akaushika mkono ule, wakaingia ndani pamoja, na watu wakageuka kuwatazama.